Vifuniko vya Kasenyi

Jumatatu, 9 Septemba

Amekataa vifuniko.

Bokali, zile chupa za kioo zenye mdomo mpana, zimepita, vifuniko havikupita. Inspekta Alphonse aliketi nyuma ya meza yake pale ofisi ya ushuru, miwani kwenye ncha ya pua, akapitisha kidole juu ya barua yetu ya msamaha kama mwalimu anayesahihisha imla. Barua inasema vifungashio vya vyakula vinavyotengenezwa hapa nchini havilipiwi ushuru wa bidhaa.

"Bokali ni kifungashio," akaniambia. "Kifuniko ni chuma. Haiko mu liste."

"Papa Inspekta, bokali bila kifuniko itafunga nini?"

"Minasoma tu yenye iliandikwa, Madame. Ulete karatasi yenye kutaja kila kipande: bokali, kifuniko, kipete ya mupira, lebo. Ikitajwa, nitahakiki muzigo, nitatia saini siku ileile."

Nimerudi mtaani kwetu Ngezi kwa miguu, matope hadi kwenye vifundo. Dada yangu Émilienne alikuwa amesimama mlangoni mwa kiwanda. Kiwanda ni chake, nyumba ya vyumba vitatu tu. Tunasaga karanga na soja, tunachanganya na sukari na maziwa ya unga, tunajaza bokali, na kituo cha afya kule kambi ya wakimbizi kinawapa watoto waliokonda. Wanawake sita wanafanya kazi humo, wote wamekimbia vita huko Djugu. Mimi ni mtu wa makaratasi. Bokali na vifuniko hutoka Kampala, vinavuka ziwa hadi Kasenyi, halafu mume wangu Aimé anavipandisha Bunia kwa lori lake. Sasa katoni za vifuniko zimelala katika depo ya Kasenyi. Tukilazimishwa kuzilipia ushuru, kiwanda kitafungwa.

"Amesemaje?" Émilienne akauliza.

Nilipomwambia, aliingia ndani, akawasha mashine.

Ijumaa, 13 Septemba

Ofisi ya viwanda, ndiko inakotoka ile karatasi. Anayetia mhuri hayupo. Nirudi Jumatatu.

Jumatatu, 16 Septemba

Hayupo. Mvua tangu saa nne.

Jumanne, 17 Septemba

Tumejaribu kufunga bokali kwa plastiki na kamba. Kituo cha afya kimerudisha kreti nzima. Juu ya kila bokali kumeota ukungu wa kijani. Émilienne amezimwaga zote katika shimo nyuma ya nyumba, na wanawake wamesimama wakitazama.

Alhamisi, 19 Septemba

Mume wa Plamedie ameuawa.

Plamedie ndiye anayechoma karanga. Mume wake alirudi upande wa Bambu na wenzake watatu kuangalia kama muhogo wao bado uko ardhini. Watu wenye mapanga waliwakuta shambani. Yeye walimkata shingoni na mgongoni, na wenzake hawajaonekana.

Watu wa kule walimleta kwa pikipiki. Walimketisha katikati, dereva mbele na mtu mwingine nyuma, wakamfunga kwa kitenge na kumvika kofia, ili kwenye vizuizi aonekane mgonjwa. Plamedie alikuwa akingoja barabarani, nami nilikuwa naye. Pikipiki iliposimama alidhani mume wake yu hai, akaanza kumsalimu. Yule wa nyuma alipolegeza kitenge, mwili ukamwangukia.

Jumatatu, 23 Septemba

Plamedie amerudi kazini. Émilienne alimwambia akae nyumbani. Akamjibu kama dada mkubwa, "Nyumbani gani, yaya?" Tukamwacha achome karanga.

Jumatano, 25 Septemba

Muuguzi wa kambini amekuja mwenyewe. Wiki hii wamezika watoto wawili. Hakutulaumu, alitaka tu kujua ni lini bokali zitarudi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Alphonse. Nilimweleza habari za wale watoto, majina yao na miaka yao. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Pole sana, Madame. Lakini mutoto akikufa, hainipe ruhusa ya kuandika kitu yenye haiko. Leo nikiandika kwa ajili yako, kesho muuza pombe atakuja na vifuniko vyake, atasema ni ya batoto. Nitamujibu nini?"

Nilitoka bila kuaga.

Wakati wa chakula nilimwambia Aimé kila kitu, nikamaliza kwa kusema, "Huyu mtu anahitaji kupigwa."

Aimé aliacha kutafuna. "Unasema kweli?"

Nikasema, "Kweli."

Ijumaa, 27 Septemba

Wamempiga.

Aimé alirudi saa moja na nusu asubuhi, shati limelowa kifuani. Walikuwa watatu, yeye na madereva wawili, Léon na mwingine nisiyemjua. Walimvizia Alphonse kwenye njia ya vichochoro, akitoka misa ya asubuhi. Walijifunga vitambaa usoni. Aimé alikuwa na mpini wa jembe. Alinionyesha jinsi alivyopiga, akaiga kwa ulimi sauti ya mti kwenye taya: "Ko." Akacheka. Anasema mzee hakupiga kelele. Alijaribu kuokota miwani yake, na Léon akaikanyaga, akakanyaga na vidole vilivyokuwa juu yake.

"Sasa atajua kifuniko ni nini," Aimé akasema.

Alikuwa na damu kwenye kucha. Nilimpa sabuni.

Jumapili, 29 Septemba

Sikwenda misa.

Jumatatu, 30 Septemba

Nilidhani sitamkuta Alphonse ofisini. Alikuwa pale pale, nyuma ya meza. Upande mmoja wa uso umevimba hadi jicho limefunga, mdomo umeshonwa, meno ya mbele hayapo. Miwani ameiunga kwa plasta. Anaongea kama mtu mwenye kitu moto mdomoni.

"Ni bezi?" mwanamke aliyekuwa mbele yangu akamuuliza.

"Sijui, mama. Mwizi angechukua simu. Baliniachia simu."

Zamu yangu ilipofika, aliona bahasha mkononi mwangu, na lile jicho zima likachangamka.

"Ile karatasi imefika?"

Ilikuwa nakala ya barua ileile ya zamani. Nilikuwa nimepanga kumwambia aitazame tena, nimwone kama ameogopa. Nikamjibu, "Bado, Papa."

"Endelea kuifuata. Mutu wa mihuri anarudi kesho, nilimupigia mimi mwenyewe."

Yaani alikuwa amempigia simu kwa ajili yetu. Nilirudi Ngezi na bahasha yangu bila kuifungua.

Ijumaa, 4 Oktoba

Karatasi imetoka. Inataja bokali, vifuniko, vipete, lebo, mpaka gundi ya lebo. Mvua.

Jumanne, 8 Oktoba

Alphonse ameisoma mara mbili, akatabasamu kwa mdomo uliofungwa. Kilichobaki kabla ya saini ni kuhakiki mzigo mahali ulipo. Gari la ofisi limeharibika, kwa hiyo Alhamisi atashuka Kasenyi na lori letu. Aimé aliposikia alicheka mpaka akapaliwa.

"Sicheki na weye," nikamwambia.

"Kwani atajua? Tulifunga sura."

Jumamosi, 12 Oktoba

Mkono unaniuma kushika kalamu, lakini nitaandika yote leo.

Alhamisi tuliondoka Bunia saa kumi na mbili na nusu. Alphonse aliketi katikati, kati yangu na Aimé. Kila lori liliporuka shimo, bega lake liligonga langu na yeye akaniomba radhi. Aimé alipiga mbinja njia nzima. Kwenye mteremko, ziwa lilipoonekana, Alphonse alitueleza kwamba zamani aliwahi kukamata boti iliyojaa chupa za dawa zenye maji matupu ndani, na tangu siku hiyo haamini kitu mpaka akifungue. Aimé akamwambia, "Uko mutu mugumu, muzee." Alphonse akajibu, "Ndiyo, bananiambiaka." Hakujua anazungumza na nani. Mimi nilitazama nje.

Kasenyi tulifika saa tatu. Depo ni banda la mabati karibu na pale wanapoanika makayabo, samaki wa chumvi. Mlinzi wake, mzee Fabien, alitufungulia na kutuletea nondo ya kuvunjia kreti. Aimé akabaki nje na lori. Alphonse alifungua katoni moja katika kila rundo, akatoa kifuniko, akakijaribisha kwenye bokali aliyoileta mfukoni mwa koti. Kila kilipobana vizuri aliweka alama kwenye karatasi.

Alikuwa kwenye rundo la mwisho tuliposikia risasi. Zilianzia upande wa mlima, mbili, halafu nyingi mno kuhesabika. Watu wakaanza kukimbilia majini. Niliita jina la Aimé. Nikasikia injini ikiwaka.

Nilichungulia kwenye ufa wa mabati. Lori letu lilikuwa linaondoka, mlango wa nyuma unapigapiga. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa amelishika kwa mikono miwili na anaburutwa. Halikusimama. Alianguka, lori likaenda.

"Bwana yako amepata nafasi," Alphonse akasema. "Ni vizuri." Alisema hivyo ili kunituliza, nadhani.

Mzee Fabien alikuwa anasukuma mlango aufunge kwa ndani. Wapiganaji walimpiga risasi kupitia mabati. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, na mlango ukafunguka ukimsukuma pembeni. Waliingia wawili. Mmoja alikuwa na bunduki, akaenda moja kwa moja kwenye magunia ya sukari. Wa pili alikuwa na panga na amevaa koti la mvua la kike, la rangi ya waridi. Alipasua katoni zetu tatu kwa panga, vifuniko vikamwagika sakafuni vikizunguka. Aliona si chakula, akakasirika. Ndipo akaniona.

Alinishika nywele, akanivuta kati ya makatoni. Nilianguka juu ya vifuniko, vikanikata magoti. Alisema maneno ambayo sitayaandika. Yule wa bunduki hata hakugeuka, alikuwa anatoka na gunia begani.

Alphonse alijitokeza nyuma ya rundo, mikono juu.

"Muachilie huyu. Ni mutoto yangu."

"Kaa chini, muzee."

"Ni mutoto yangu. Ukitaka, uniue mimi kwanza."

Yule kijana hakufikiri hata kidogo. Alishusha panga kama mtu anayekata mgomba. Alphonse aliinua mkono wa kuume kujikinga, na panga likapita juu kidogo ya kiganja. Niliona mkono ukining'inia. Hakupiga kelele. Alimwendea yule mtu na kumkumbatia kwa mkono uliobaki, akambana kifua kwa kifua, damu ikiwalowesha wote wawili, na panga halikuwa na nafasi ya kuinuka tena.

Nondo ilikuwa karibu na goti langu.

Nilimpiga nyuma ya kichwa. Nilisikia ile sauti. Ilikuwa ileile aliyoiiga Aimé akicheka. Akapiga magoti, Alphonse akaanguka naye. Nilipiga tena. Koti la waridi lilikuwa limempanda usoni, sikumwona sura, nikaendelea kupiga mahali palipokuwa na kichwa. Alphonse alikuwa ananiambia, "Imetosha, mama. Imetosha." Sijui aliisema mara ngapi.

Nje wanajeshi walikuwa wamefika, risasi zikawa za pande mbili. Yule wa bunduki hakurudi. Nilifunga mkono wa Alphonse kwa kitenge changu, nikakaza kwa ile nondo kama tunavyokaza kamba za mzigo. Tulikaa nyuma ya makatoni hadi saa tisa, na wale wafu wawili mbele yetu. Midomo ya Alphonse ikawa myeupe. Kitu kimoja tu alichouliza: "Ile karatasi iko wapi?" Nilikuwa nayo kifuani. "Haijapata saini," akasema.

Gari la jeshi lilitupandisha Bunia. Hospitalini walikata kilichobaki cha ule mkono.

Jumapili, 13 Oktoba

Aimé anasema alidhani niko nyuma ya lori. Anasema hivyo kwa kila mtu anayekuja kutupa pole.

Leo nimemuuliza, "Uliangalia?"

"Risasi zilikuwa mingi, Micheline."

"Uliangalia nyuma?"

Akaenda kuosha lori. Kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na alama za vidole katika matope. Niliziona kabla hajazimwagia maji.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimemtembelea Alphonse hospitalini. Amekonda. Mwenyewe aliitisha ile karatasi, akatia saini kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto wa shule. Saini imepinda kuelekea chini. Vifuniko bado viko Kasenyi, hakuna aliyevitaka.

"Utumie bitambaa kuvipanguza," akaniambia. "Vingine vina damu. Vitupe vile."

Jumatano, 23 Oktoba

Ofisi ya ushuru imerudisha dosye yetu, faili zima. Saini haifanani na ile iliyo kwenye rejista yao. Nilimwambia karani kwamba ule mkono uliotia saini kwenye rejista umezikwa. Akasema anaelewa, lakini rejista ni rejista. Ilibidi niondoke haraka, maana kwa mara ya kwanza nilisikia kwa karani yule sauti ya Alphonse, na sikuichukia.

Jumatatu karani ataenda hospitalini, Alphonse atoe saini mpya ya rejista, kisha atie upya kwenye karatasi yetu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimemwambia Émilienne yote, kuanzia mpini wa jembe. Alikuwa anapanga bokali tupu. Hakuacha kupanga.

"Utamwambia?"

"Ndiyo."

"Basi ngoja atie saini kwanza. Nakuomba. Kuna wanawake sita hapa. Kuna kambi nzima. Ukimwambia kabla, akikasirika, siye tumekufa wote."

"Na nikimwambia baadaye?"

"Utakuwa umemwambia."

Plamedie alikuwa kwenye mlango na sinia la karanga. Sikujua amesikia kiasi gani. Akasema tu, "Wale waliomuua bwana yangu, mutu alibatuma. Ningependa anambie." Akapita na sinia lake.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nilifika kabla ya karani. Alphonse alikuwa ameegemea mito, amenyolewa ndevu, amevaa shati safi kwa ajili ya saini. Nilisimama mwisho wa kitanda. Sikuketi.

"Papa Alphonse, waliokupiga siku ile ya misa, mmoja ni bwana yangu. Mimi ndiye nilisema upigwe. Alirudi na damu kwenye kucha, nikamupa sabuni."

Alinitazama. Jicho lililovimba lilikuwa limepona lakini kope lake limebaki limelala.

"Ni yeye alituendesha Kasenyi?"

"Ndiyo."

"Na weye ulikaa upande ya dirisha."

"Ndiyo, Papa."

Karani aliingia, akasalimu, akafungua rejista. Alphonse hakuniangalia tena. Alitia saini mpya mara tatu katika rejista, zote zimepinda sawasawa. Kisha akaomba karatasi yetu. Nilidhani ataipasua. Aliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari: bokali, vifuniko, vipete vya mpira, lebo, gundi. Akatia saini. Karani akapiga mhuri, akaondoka.

"Hii dosye iko kamili," Alphonse akasema. "Ni ya batoto, haiko yako. Sasa unipatie karatasi ingine, nyeupe."

Nilichana karatasi moja katikati ya daftari hili.

Aliiweka juu ya Biblia ya mgonjwa wa jirani, akaanza kuandika, herufi moja baada ya nyingine. Ilikuwa ni mashtaka kwa polisi. Karatasi ilikuwa inateleza kwa sababu hakuwa na mkono wa kuishikilia. Nikasogea, nikaishikilia mimi.

"Jina ya bwana yako."

Nikamtajia. Alipofika mwisho aliuliza kama lina alama juu, nikamwambia ndiyo, aweke. Nikamtaja Léon. Wa tatu nikasema simjui, akaandika kwamba hajulikani.

"Na weye. Jina yote."

"Micheline Afoyorwoth." Ni jina refu. Nilimtajia herufi kwa herufi.

"Ulifanya nini, niandike?"

"Andika nilisema mtu apigwe, na walipompiga nikanyamaza."

Aliandika. Nilisoma kichwa chini miguu juu: *alisema nipigwe, na waliponipiga akanyamaza*. Halafu akaweka kalamu chini, akafumba macho.

"Ile siku ya depo haiingii humu," akasema. "Ile uliifanya vizuri. Lakini usirudi kunisalimia."

Jumatano, 6 Novemba

Vifuniko vimefika kwa lori la kukodi. Tulivipanguza kimoja kimoja, tukatupa vya damu, tukachemsha vilivyobaki. Plamedie alibana vifuniko kwenye bokali mpaka viganja vyake vikachubuka, akakataa kupokewa. Muuguzi amechukua kreti za kwanza saa nane.

Alhamisi, 7 Novemba

Polisi walikuja tukinywa chai. Wawili, wapole. Aimé aliposomewa karatasi alinigeukia.

"Balikupiga ili useme?"

"Hapana."

"Basi ju ya nini?"

Polisi mmoja akasema twende. Nikachukua kitambaa changu cha kichwa, kwa kuwa jina langu nalo lilikuwa mle, tukaenda wote wanne kwa miguu, katikati ya barabara ambako matope ni kidogo. Aimé alitembea mbele. Hakugeuka kutazama kama niko.

Mimi wameniachia saa kumi, nirudi Jumatatu kwa jaji. Yeye amebaki.